Hesabu ya Mbwa

Sheria ilimtaka kila aendaye jangwani kwa miguu alale na mbwa mwenye kola inayosema. Jua likitua, mbwa huwanusa waliopo kambini, na kola hutaja idadi ya watakaoiona asubuhi, majina haitaji. Guyatu na mumewe Halkano walipiga hema katika jangwa la Chalbi wakiwa wazima, visigino tu vimechubuka.

“Mmoja,” ilisema kola.

Halkano alicheka. “Mbwa wako hajui hesabu, Mama Qabale.”

“Hajakosea tangu tumfuge,” alijibu Guyatu.

Halkano alimimina chai, na kikombe cha kwanza, ambacho kwa miaka kumi na tisa ya ndoa kilikuwa cha mume, akamwekea mkewe.

“Kunywa, ingali moto,” alisema, kwa upole uliomtisha Guyatu kuliko ile hesabu.