Sauti Inayotembea

Isidore alipiga kofi moja katikati ya chumba, akainamisha kichwa kusikiliza. Kuta tatu zilimrudishia sauti kali na kavu. Ukuta wa nne haukurudisha kitu.

"Papa Stanislas, chumba yako iko na kichwa nguvu," fundi huyo wa redio alisema. "Ule ukuta unakula sauti. Kule nyuma iko nini?"

"Store. Magunia ya makala ya kupikia."

Nyuma ya ukuta ule, Angèle na watoto wake wawili walikuwa wameketi bila kusogeza hata kidole. Stanislas aliujenga kwa mikono yake mwenyewe, siku zile vijana walipopita kambi ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi, nyumba kwa nyumba, wakiwatoa majirani wenye asili ya Kasai na kuwasukuma hadi kituo cha treni. Mume wa Angèle hakufika kituoni. Stanislas, karani wa maabara ambaye kiwanda chake kilikuwa kikifa, alimfungulia mjane huyo mlango na hakumwambia mtu.

Kila asubuhi aliondoa tofali moja la chini, akapitisha sahani ya bukari, ugali wa kwao. Kila asubuhi Angèle alinong'ona: "Papa, pasipo weye tungekuwa tulishakufa." Tangu mkewe Georgette azikwe, hakukuwa na mtu mwingine duniani aliyemngoja.

Lakini juma lililopita mtoto mkubwa alicheka. Alicheka mchana kweupe, na mama yake hakumnyamazisha upesi. Kuanzia hapo Stanislas hakupata usingizi tena, na ndipo alipomwita fundi.

Isidore alikuwa ameleta spika za namna tatu. La kwanza lilikuwa kasha kubwa la baa iliyofungwa. Alipoliwasha, mabati ya paa yalitetemeka.

"Hapana," alisema mwenyewe. "Chumba ni ndogo, besi inakosa fasi ya kutokea. Inazunguka tu sawa mulevi anatafuta mulango."

La pili lilikuwa tarumbeta la chuma lililotoka katika kanisa la maombi. "Na hii ni ya kufukuza mapepo. Muziki nayo itakimbia."

Zikabaki mbili ndogo za mbao, zilizofunikwa kitambaa cha kijivu, ambazo mhandisi mmoja Mzungu aliziacha alipoondoka baada ya mji kuporwa. Stanislas alizigusa kwa ncha za vidole.

"Redio yangu ilibakia na bafle moja, spika moja tu," alisema polepole. "Na moja inajisaliti. Muntu akisikia, anajua: ile ni kasha, iko pale. Ninataka asijue sauti inatoka wapi."

Uso wa Isidore ulichangamka. "Njo stereo ile, papa! Ndiyo yenyewe! Na mbili, sauti inatembea. Inaanza kushoto, inapita mbele yako, inaenda kuume. Utasema bantu banapita mu barabara."

"Banapita mu barabara," Stanislas alirudia, na macho yake yakalowa.

Hapo kikatoka kikohozi. Kifupi, cha mtoto, kilichozibwa katikati.

Isidore akageuka. "Iko muntu?"

"Panya."

"Panya ya kukohoa!" Fundi alicheka. "Hii taabu yetu imefika mbali: hata panya banapata grippe." Lakini aliendelea kuutazama ukuta. "Nje nilihesabu hatua tisa. Humu, sita. Store yako ni kubwa, papa. Ulifanya vizuri kuificha. Bamwivi ni bengi sasa."

Stanislas alisogea taratibu mpaka akasimama baina ya fundi na matofali.

Isidore alitaka kuziweka spika mbele ya kiti. Mwenye nyumba alikataa. Akazipandisha juu ya kabati, moja kila pembe, zikitazama upenyo mwembamba ulioachwa kati ya ukuta ule wa nne na mabati.

"Lakini kiti chako kiko hapa! Weye utasikia nini?"

"Kidogo. Inanitosha. Punguza besi. Ninataka ya mbali."

Fundi alitikisa kichwa, akatandika blanketi chini ya makasha, akageuza vifungo, hata mtangazaji wa redio akasikika kana kwamba anazungumza uani kwa jirani.

"Muziki gani utapiga?"

"Niko na kaseti moja."

Walipofungua mlango wa nje, mwanamke alikuwa akipita na beseni la maharagwe kichwani. Isidore alimpigia salamu ya Kiluba cha Kasai: "Moyo, mama Mwadi!"

"Eyo, moyo!" mwanamke alijibu kwa sauti yake yote. "Leo unajua luga yetu, ee? Mwaka ule mulituita wadudu!"

"Sahau, mama! Sasa ni miaka mibili tangu mulirudia mu Likasi, na ni maharagwe yenu tunakula."

Wote wawili wakacheka. Fundi akaenda zake, na Stanislas akafunga mlango.

"Papa." Ilikuwa sauti ya Angèle, ikitoka katika upenyo wa juu. "Muntu amesema moyo kule nje. Anacheka."

"Mutego," Stanislas alijibu kwa upole. "Njo vile banabatosha nje, banabakamata."

Akaingiza kaseti, akabonyeza. Mawe yakaanza kuanguka juu ya mabati ya mbali. Zikafuata filimbi, kisha vishindo vya miguu mingi, vikitoka kushoto, vikipita, vikienda kuume, na vijana wakipaza sauti: "Batoke! Batoke!"

Nyuma ya ukuta, Angèle aliwavuta watoto wake kifuani.

"Aksanti, papa," Angèle alinong'ona.