Dagaa Chini ya Maranda

Katika maabara, Dakta Zamoyoni alifukia dagaa chini ya maranda ndani ya tundu, kisha akamwachilia humo panya aliyeambukizwa korona. Panya alipita juu yao bila kusimama, akaenda kujikunja pembeni.

"Huyu naye hasikii tena harufu," alisema. "Imemshika kama inavyotushika sisi."

Mwenzake, Chande, aliingia akiwa ameibana pua juu ya barakoa. "Dada, hawa dagaa wameoza. Wananuka mpaka kwenye korido."

Zamoyoni aliusogeza mfuko wa dagaa waliobaki puani, akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu.

"Si umesikia?" Chande aliuliza.

Kwenye tundu la pili, panya wasioambukizwa walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma, pua zao zote zimeuelekea mfuko mkononi mwake.