Biti Iliyobaki

Biti ya pili ya drili ilikatika kwa mlio mkavu, na kipande chake kikaruka hadi upande wa pili wa chumba, kikagonga sufuria.

Cheche alizima drili akatega sikio. Nje hapakuwa na mngurumo wa pikipiki ya mumewe. Alishusha pumzi na kufuta jasho kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa unauma tangu begani. Mumewe ndiye aliyeuvuta jana. Asubuhi, akifunga kamba za viatu, alimwambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba akirudi mchana watamalizia mazungumzo yao. Cheche aliyajua mazungumzo hayo.

Ufunguo wa mlango ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mfukoni mwa mume.

Alipiga simu, akaiweka juu ya stuli, spika wazi.

"Mjomba, imekatika nyingine. Nimebaki na moja."

Mjomba alikuwa fundi vyuma katika mji wa mbali. Mama yake alipofariki, ndiye aliyemlea Cheche ndani ya karakana yake na kumbandika jina hilo. Kwa kawaida simu zake huanza na salamu zisizokwisha, lakini leo aliziruka zote.

"Inapiga kelele ikikata?"

"Inalia kama mbuzi."

"Basi unaikimbiza. Chuma gani hicho?"

Cheche aliitazama nguzo ya mlango. Ilisimamishwa na marehemu mama yake, mwanamke ambaye hakuwahi kuamini chuma chembamba, na ingeweza kubeba daraja. Lakini kisirani hakikuwa nguzo. Kilikuwa lile bonge la kuchomelea lililoganda usawa wa kifua, pana kama kifuniko cha chupa. Mumewe alilichomelea mwenyewe wiki ile aliyohamia, akalimwagia maji likiwa bado jekundu, kisha akapangusa mikono na kusema sasa nyumba imetulia.

"Alichomelea, halafu akamwagia maji."

Mjomba alisonya. "Kichwa maji yule. Amekifanya kigumu kama kioo. Sikiliza, mwanangu. Pagumu ni juu tu, ndani ni chuma cha kawaida. Bonyeza swichi nusu, izunguke polepole. Tia mafuta, hata ya kupikia. Lakini ukishaigusisha, kandamiza, usiibembeleze. Biti ikisugua bila kula, inaungua. Na kila mara itoe, ufute chembe, uiache ipoe."

"Muda sina, Mjomba."

"Ukikimbia utabaki na muda wote huo na biti huna. Ningekuwa na gari, ningeshakuja kukuchukua."

"Najua. Acha nitoboe kwanza."

Biti iliyobaki ilikuwa nene kama kidole. Aliinoa jana kwa Mjomba wa kichwani mwake, kama anavyopenda kusema, yaani kwa kukumbuka alivyofundishwa: kingo mbili sawasawa, moja isiizidi nyingine. Kwenye mlango, karibu na nguzo, kulikuwa na pete mbili za chuma, kuukuu kuliko ndoa yake, ambazo mumewe alizigeuza mahali pa kutundika koti. Koti lilikuwa linamzonga. Alilitoa, akalitupa juu ya begi kubwa alilolipanga mumewe alipokwisha kutoka. Kisha akavuta nondo fupi kutoka chini ya kitanda na kuilaza karibu na mguu wake.

Akatia mafuta, akaanza.

Mara hii drili haikulia. Ilinguruma kwa chini, kama mtu anayeguna usingizini. Chembe zilitoka nyeupe, zikameremeta. Alitoa biti, akaifuta, akahesabu pumzi zake, akairudisha. Mafuta yalitiririka kwenye nguzo mpaka sakafuni, na chumba kizima kikanuka kama jikoni.

Pikipiki ilipita barabarani. Moyo ulimpasuka, mkono ukasukuma wenyewe, na chembe zikageuka buluu.

"Cheche! Nasikia imebadilika."

Aliitoa haraka. Ncha ilikuwa imeanza kuwa nyeusi, lakini kingo zilikuwa nzima. Pikipiki ile ilikwenda zake. Alisubiri chuma kipoe, na kusubiri huko kulimtesa kuliko bega. Alitamani kuichovya ndani ya maji amalize kazi, lakini alijua ingepasuka. Alisimama tu, akiipepea kwa ukingo wa kanga, machozi yakimlenga.

Akarudia. Mafuta, mwendo mdogo, mkono mzito. Polepole ugumu ulilegea, na chembe zikaanza kutoka ndefu, zimejikunja.

Hapo ndipo alipoisikia pikipiki yenyewe. Ilikohoa kwenye kona, kama inavyokohoa siku zote.

"Amefika," alinong'ona.

"Usisukume," Mjomba alisema. "Mwanangu, usisukume."

Hakusukuma. Aling'ata mdomo, akaiacha biti ikate kwa mwendo wake yenyewe, hadi drili ilipotumbukia mbele kwa ghafla, kwenye utupu aliokuwa anaukumbuka tangu utotoni.

"Imepita?"

"Imepita."

"Basi sasa kimbia!"

Cheche alishika kitasa, akaufungua mlango, ambao haukuwa umefungwa tangu asubuhi. Akaliweka nje kwenye ngazi begi lenye mashati ya mumewe, na koti juu yake. Kisha akarudi ndani, akaubana mlango, na kuipitisha nondo kwenye pete zote mbili mpaka ikazama ndani ya nguzo ya mama yake, katika tundu lile lile ambalo mumewe alikuwa ameliziba.

Kitasa kikashuka, lakini mlango haukusogea. Halafu ufunguo ukazunguka, ukazunguka tena.