Mlezi wa Mwongozo

Sheria ni fupi: anayesahihisha kosa kwenye mwongozo wa programu huwa mlezi wake mpaka mwingine asahihishe, na mlezi hatoki nyumbani, maana maswali huja kwa simu saa yoyote na lazima yajibiwe papo hapo.

Mkejina alinaswa miaka sita iliyopita. Mwongozo wa kusakinisha programu za majumbani ulisema ufute toleo la zamani, kisha uhifadhi mafaili. Nani anafuta kabla ya kuhifadhi? Kiherehere kikamponza, akageuza hatua. Mama yake alizikwa Pangani yeye akiwa anamjibu mtu asiyemjua.

Baadaye ndipo alipong'amua kwamba mlezi wa kabla yake hakukosea. Alitega.

Ijumaa hiyo Raya, bintiye, alikuwa aolewe na kuhamia Pemba, na Mkejina aliapa kumsindikiza mwenyewe. Basi asubuhi naye akatega: akarudisha kufuta mbele ya kuhifadhi, akaenda jikoni kupalia wali makaa, kimoyomoyo akimwomba radhi mjuaji fulani wa mbali.

Kabla wali haujaiva, taa nyekundu ya ulezi ukutani ikazimika. Mkejina akavaa baibui.

"Mama," Raya akaita kutoka chumbani, "umechoka wewe! Umeweka kufuta kwanza. Nimekurekebishia kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo haihesabiki kuwa ni mimi, eti?"

"Ilikuuliza nini, mwanangu?"

"Dole gumba tu. Nikaweka langu."

Simu ya Raya ikaanza kulia.