Uso Ukutani

Raheli alipoingia tu, mumewe aligeukia ukutani, akashusha kofia hadi machoni. Watu waliojaa mahakamani wakaguna. Raheli akaishia pale pale mlangoni.

"Mwenye macho haambiwi tazama, Mheshimiwa," alisema shemeji yake, Matonya. "Kaka yangu akili zimepotea, lakini anamwogopa mkewe. Akisikia sauti yake anakimbilia uani. Hata chakula hali mpaka huyu mama atoke. Nipeni mimi uangalizi, nikamtunze kwangu, kijijini Zuzu."

Alilonyamazia Matonya ni kwamba atakayepewa kaka yake, mzee Marko, atapewa pia shamba lake la zabibu.

Raheli alijua yote yalikuwa kweli. Siku hizi alimwekea mumewe ugali na mlenda kizingitini, kisha akajificha jikoni kama mwizi, analia, mpaka asikie sahani imewekwa chini. Alimkosea nini? Tangu waoane hajawahi kumkaripia. Mawazo yalikuwa yamemla kweli kweli, hata asubuhi ile jirani yake Hilda alimtazama akasikitika: "Jikaze, dada. Umekonda mpaka umekuwa marehemu mama yako mtupu."

"Mheshimiwa," Raheli alisema, "shamba achukue. Mume wangu aniachie. Sina mtu mwingine duniani."

Mzee Marko aliposikia sauti hiyo alizidi kujibanza ukutani. Matonya akatabasamu.

Hakimu Wambura, mwanamama mgeni kutoka Mara, aliweka kalamu chini. Akashuka kitini, akamwinamia mzee.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Yule mama aliyesimama mlangoni anakupiga?"

"Anipige!" Mzee alishtuka. "Mtu wa heshima vile?"

"Anakunyima chakula?"

"Chakula chake kitamu. Mungu ambariki."

"Sasa mbona unamkimbia?"

Mzee Marko alimtazama hakimu kwa huruma, kama anayemtazama mtoto wa watu aliyekosa malezi.

"Kwani huko kwenu, mama mkwe hutazamwa usoni?" alinong'ona. "Hebu mwambie asogee kidogo, nipite. Raheli wangu ananingoja nyumbani."