Hondohondo na Mke Aliyezibiwa

Hondohondo alikuwa na mke mvumilivu. Ulipofika wakati wa kutaga, mke aliingia kwenye shimo la mti, wakauziba mlango kwa tope kama ilivyo desturi yao, ukabaki upenyo wa kupitisha mdomo tu. Kazi ya mume ikawa kumletea tini asubuhi na jioni.

Njiani palikuwa na mnazi wenye kibuyu cha tembo, na Ngedere mlevi amekikumbatia.

"Onja, bwana," alisema Ngedere.

"Mke wangu ana njaa."

"Si amezibiwa? Ataenda wapi?"

Hondohondo akaonja. Kesho yake alirudi bila kuitwa, na siku zikapita tini zikichelewa kumfikia mke. Njiwa, aliyekaa juu ya paa la kanisa, akamwonya: "Jumapili wamesoma habari za Nuhu. Alikuwa mcha Mungu, lakini mvinyo ulimlaza uchi hemani mwake."

Hondohondo akacheka. "Mke wangu amezibiwa. Ataenda wapi?"

Jioni moja alifika kwake akiyumba, akasukumiza tini shimoni. "Mama watoto, pokea. Bado umeninunia?" Akabembeleza mpaka usingizi ukamchukua palepale.

Asubuhi, pombe ilipomtoka, aliona tope limebomolewa kutoka ndani. Tini zake zililala kando ya mayai yaliyopoa.

Tangu siku hiyo hajagusa kibuyu. Kila asubuhi na jioni huleta tini, wala hachelewi, akainamisha kichwa mlangoni, na hakuna mdomo unaozipokea.