Bi Pelele na Mgeni Mwenye Ndege

Bi Pelele, mnyama mdogo wa miambani, alikuwa na pango alilopangisha wasafiri, na tangu alipate hakujua tena kutulia. Mgeni akiingia tu, yeye alianza kuzunguka nje akijiuliza kagusa nini, kamwaga nini.

Siku moja akafika Mzee Kifaru, ambaye macho yake yalikuwa mabovu. Mgongoni alimbeba Shashi, ndege mdogo.

"Karibu, mzee," alisema Bi Pelele. "Ila ndege haingii. Ataniachia manyoya ndani."

"Mama, mimi sioni. Huyu ndiye huniambia anayekuja ni nani."

"Atakusubiri pale mtini."

Kifaru alikuwa hoi kwa safari, akaingia peke yake.

Bi Pelele akaketi, akainuka, akaketi tena. Je, kama ndege amepenya kwa nyuma? Roho haikumtulia. Akanyata hadi ndani, akaanza kunusa sakafu akitafuta unyoya.

Kifaru akashtuka usingizini. "Nani huyo?"

"Ni mimi, mwenye nyumba."

"Mwongo. Mwenye nyumba angebisha hodi."

Akainamisha pembe, akaja mbio. Ukuta mmoja ukaporomoka, naye akageuka kuanza upya. Bi Pelele aliparamia jiwe la juu, akang'ang'ania hapo.

"Shashi, mwanangu," aliita, "njoo ndani umwambie ni mimi."

Kule mtini Shashi alinyoosha bawa moja, kisha la pili.

"Ningekuja, mama," alisema, "ila nina manyoya."